Maswali ya Wasomaji: Uwanja wa Downham Market na Vijana Waliorukia Usiku

Barua ya mama mmoja wa Moshi, tuliyoidokeza katika toleo lililopita, imevuta barua nyingine kutoka Arusha, Himo na Usa River. Kwa kuwa zote zinahusu jambo moja, nimeona ni vyema ukurasa wote wa mwezi huu utumike kuzijibu.

Swali. Ndugu Mhariri, binti yangu anasomea uuguzi mashariki mwa Uingereza. Alinitumia picha ya jiwe la kumbukumbu lililo jirani na kanisa la kijiji cha Bexwell, karibu na mji mdogo wa Downham Market. Wenyeji walimweleza kwamba mashamba yanayoonekana hapo yalikuwa uwanja wa ndege za mabomu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na kwamba kikosi kimoja kilichokaa hapo kilibeba jina la Gold Coast, yaani Ghana ya leo. Naomba unieleze uwanja huo ulikuwaje na jina hilo lilifikaje huko. (Mama wa Shanty Town, Moshi)

Jibu. Mama, binti yako amefika mahali penye historia inayotuhusu Waafrika kuliko wengi tunavyodhani. Uwanja wa Downham Market ulifunguliwa Julai 1942 katika jimbo la Norfolk, ukiwa uwanja msaidizi wa kituo cha Marham kilicho jirani. Miaka hiyo Waingereza walikuwa wakigeuza mashamba ya mashariki mwa nchi yao kuwa viwanja vya ndege, kimoja baada ya kingine, kwa sababu upande huo ndio ulioelekea Ujerumani, na ardhi yake ni tambarare kiasi kwamba ndege iliyosheheni mabomu haikukabiliwa na kilima mara tu ilipoacha ardhi. Ramani ya viwanja hivyo ilikuwa karibu moja: njia tatu za kurukia zilizokatana kwa umbo la pembetatu, ili upepo ukivuma kutoka upande wowote rubani apate njia ya kuukabili, barabara ya kuuzunguka uwanja mzima, na kando ya barabara hiyo, sehemu za saruji za kuegesha ndege mojamoja, zilizotawanywa kwa makusudi ili adui akishambulia asiziteketeze zote kwa pamoja. Ghala la mabomu liliwekwa mbali na mabweni. Njia kuu ya uwanja wa aina hiyo kwa kawaida ilikuwa na urefu wa mita 1,830 hivi. Njia ya KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, ambayo wasomaji wetu wengi wameiona, ina mita 3,600, na kwa kulinganisha urefu huo unaweza kuelewa jinsi rubani aliyebeba tani kadhaa za mabomu na matangi yaliyojaa petroli alivyokuwa na nafasi ndogo ya kukosea.

Kikosi cha kwanza kuhamia hapo kilikuwa Kikosi Namba 218, kilichotokea Marham. Kilibeba jina la Gold Coast kwa sababu watu wa koloni hilo walichanga fedha za kugharamia ndege. Ilikuwa desturi ya wakati huo kwamba koloni lililotoa mchango mkubwa lipewe heshima ya jina lake kuunganishwa na kikosi, na ndiyo maana palikuwa pia na kikosi cha Jamaica na cha Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo. Vitabu vingi hulipita jambo hili kwa sentensi moja, nami sioni kama inatosha. Gold Coast ilikuwa nchi iliyotegemea kakao, chini ya utawala wa gavana kutoka London, na watu wake hawakuulizwa kama wanataka kuingia vitani. Hata hivyo walitoa, na jina la nchi yao likapaa usiku hadi Berlin, Hamburg na Turin kabla nchi hiyo haijapata hata bendera yake yenyewe.

Ndege waliyoitumia iliitwa Stirling, ndege ya kwanza ya mabomu yenye injini nne iliyotumiwa na Waingereza katika vita hivyo. Ilikuwa imara na waliorusha waliipenda, ila ilikuwa na udhaifu mmoja uliowagharimu watu wengi: ikiwa imesheheni, ilihangaika kupanda zaidi ya mita 5,000 hivi. Sisi tunaoishi chini ya Kilimanjaro tunaweza kuupima udhaifu huo kwa macho, kwa sababu kimo hicho hakifiki hata kilele cha Mawenzi, chenye mita 5,149, achilia mbali Kibo na mita zake 5,895. Ndege za aina ya Lancaster zilipita juu zaidi, kwa hiyo mizinga ya kutungulia ndege ilizipata Stirling kwanza, na kulikuwa na nyakati ambapo mabomu yaliyodondoshwa na Lancaster yaliziangukia Stirling zilizokuwa chini yake. Baada ya shambulio la Berlin la usiku wa 22 Novemba 1943, Stirling ziliondolewa katika mashambulizi ya Ujerumani, zikapewa kazi za karibu, kama kutega mabomu baharini.

Machi 1944 Kikosi Namba 218 kilihama. Mahali pake paliundwa Kikosi Namba 635, kilichotumia Lancaster na kuwa miongoni mwa vikosi vya watangulizi, yaani wale waliofika kwanza juu ya shabaha na kudondosha taa za rangi ili wanaofuata wajue pa kulenga. Agosti mwaka huohuo kilikuja Kikosi Namba 608 na ndege za Mosquito, zilizoundwa kwa mbao na kurushwa na watu wawili tu. Uwanja ulifungwa Oktoba 1946, na ardhi yake kubwa ikarudia kilimo.

Swali. Jiwe hilo linawakumbuka akina nani, na walifanya nini? (Msomaji wa Kaloleni, Arusha)

Jibu. Linawakumbuka marubani wawili, Arthur Louis Aaron wa Kikosi Namba 218 na Ian Willoughby Bazalgette wa Kikosi Namba 635. Wote wawili walitunukiwa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa vitani nchini Uingereza, na wote wawili walitunukiwa baada ya kufa.

Aaron alizaliwa Leeds mwaka 1922 na alikuwa akisomea usanifu wa majengo kabla ya kujiunga na Jeshi la Anga. Usiku wa 12 Agosti 1943 aliondoka Downham Market akiwa na Stirling kwenda Turin, Italia, safari iliyomlazimu kuivuka milima ya Alps kwa ndege ambayo, kama nilivyoeleza, haikupenda kupanda juu. Walipokaribia mji, risasi za bunduki za rashasha ziliipasua ndege. Injini tatu zilipigwa, kioo cha mbele kikavunjika, bunduki za mbele na za mkiani zikawa hazifanyi kazi, na nyaya za kuongozea ndege zikaharibika. Mwongoza njia, kijana kutoka Kanada, alikufa palepale. Aaron mwenyewe alivunjwa taya na sehemu ya uso wake ikang'oka, risasi ikatoboa pafu, na mkono wake wa kulia ukawa haufai tena. Ndege ilianza kuporomoka, na ilikuwa imeshuka hadi mita 900 hivi ndipo fundi wa injini alipofanikiwa kuidhibiti. Taarifa rasmi ilisema waliopiga ni adui. Masimulizi mengi ya baadaye yanasema risasi zilitoka kwa mpiga bunduki wa ndege nyingine ya Uingereza, aliyechanganyikiwa gizani.

Kwa kuwa hakuweza kusema, Aaron alimwashiria mlenga mabomu ashike usukani. Wenzake walimpeleka nyuma wakamchoma sindano ya kupunguza maumivu, lakini alipopata nafuu kidogo alitaka kurudi kwenye kiti chake, akabebwa na kuketishwa hapo. Alijaribu kuirusha kwa mkono mmoja, wakamsihi aache, naye akakubali. Badala yake akawa anaandika maagizo kwenye karatasi kwa mkono wa kushoto. Kurudi Uingereza hakukuwezekana, kwa hiyo walielekea kusini, wakavuka bahari ya Mediterania kwa saa nyingi huku petroli ikipungua, mpaka wakaziona taa za uwanja wa Bône nchini Algeria. Mara nne mlenga mabomu alijaribu kutua akifuata maelekezo ya Aaron. Mara ya tano Aaron alikuwa amekwisha nguvu, na yule mwenzake akaitua ndege kwa tumbo bila magurudumu. Wengine walipona. Aaron alifariki saa tisa baadaye, akiwa na umri wa miaka 21. Maelezo ya nishani yake yanasema kwamba kama angekubali kulala kimya na kutunza nguvu zilizosalia, huenda angepona. Nimeyasoma maelezo hayo mara nyingi na bado yananigusa, kwa sababu hayazungumzii hasira wala kumchukia adui, bali kijana aliyeona kuwa kuwafikisha wenzake salama ni wajibu wake. Kaburi lake liko katika mji huohuo, ambao leo unaitwa Annaba. Kwa hiyo mmoja wa watu wawili wanaokumbukwa na jiwe la Bexwell amezikwa katika ardhi ya Afrika.

Bazalgette alizaliwa Calgary, Kanada, mwaka 1918. Tarehe 4 Agosti 1944, mchana, aliongoza Lancaster za kuweka alama juu ya Trossy St Maximin, Ufaransa, mahali ambapo Wajerumani walihifadhi mabomu yao yanayoruka yenyewe, yale waliyoyarusha London. Kabla ya kufika, mizinga ilizima injini zake zote mbili za upande wa kulia na moto ukashika bawa na mwili wa ndege. Aliendelea, akaweka alama na kudondosha mabomu, kisha ndege ikaanza kuzama. Injini ya tatu ilipokufa aliwaamuru watu wake waruke kwa parachuti. Wanne waliruka. Wawili hawakuweza: mlenga mabomu alikuwa amejeruhiwa vibaya, na mpiga bunduki wa mgongoni alikuwa amelevywa na moshi. Bazalgette hakuruka, alijaribu kuitua ndege shambani karibu na kijiji cha Senantes ili kuwaokoa hao wawili. Iligusa ardhi, kisha ikalipuka, na wote watatu wakafa.

Swali. Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita. Timu moja ya ndege ilikuwa na watu wangapi, na walichaguliwaje? Je, mtu aliyeogopa aliweza kukataa kwenda? (Mwanafunzi, Moshi)

Jibu. Marahaba, mwanangu. Stirling au Lancaster kwa kawaida ilikuwa na watu saba: rubani, mwongoza njia, fundi wa injini, mlenga mabomu, mtu wa simu ya upepo, mpiga bunduki wa mgongoni na mpiga bunduki wa mkiani. Huyu wa mwisho alikaa peke yake katika kizimba cha kioo mwishoni mwa ndege, mbali na wenzake, katika baridi kali ya kugandisha, kwa safari iliyoweza kuchukua saa nane au zaidi.

Namna walivyochaguana itakushangaza, maana jeshi hupenda kupanga kila kitu kwa orodha. Katika chuo cha mafunzo ya mwisho, marubani, waongoza njia, walenga mabomu, watu wa simu na wapiga bunduki waliingizwa katika banda kubwa la ndege wakaambiwa wachaguane wenyewe. Waliozungumza vizuri kwa dakika chache, au waliotoka mji mmoja, au waliopendana kwa sura tu, walitoka humo wakiwa timu moja. Fundi wa injini aliongezwa baadaye. Utaratibu huo ulifanya kazi vizuri kuliko orodha, kwa sababu mtu aliyechaguliwa na wenzake aliona haya kuwaangusha.

Wote walijitolea, hakuna aliyelazimishwa kuwa askari wa anga. Zamu moja ilikuwa safari 30, na aliyezimaliza alipumzishwa kwa kupewa kazi ya kufundisha, ingawa aliweza kuitwa tena kwa zamu ya pili. Sasa fanya hesabu pamoja nami. Kama katika kila safari wanapotea watu 4 kati ya 100, jambo lililokuwa la kawaida katika kipindi kibaya cha 1943, basi watakaomaliza safari 30 ni kama 29 tu kati ya 100 walioanza. Kwa vita nzima, kati ya watu wapatao 125,000 walioruka katika Kamandi ya Ndege za Mabomu, waliokufa ni 55,573, na wengi wao walikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu.

Siku yao ilikwenda hivi. Asubuhi amri ilifika kwamba usiku kuna safari, na kuanzia hapo simu za kwenda nje ya kituo zilifungwa. Mafundi walikagua injini, mabomu yakavutwa kwa trekta kutoka ghalani, na kiasi cha petroli kilichojazwa kiliwadokeza watu umbali wa shabaha kabla hawajaambiwa. Alasiri walikusanyika katika chumba cha maelezo, pazia likafunuliwa ukutani, na wakaona ramani yenye utepe uliotoka uwanjani kwao mpaka mji wa usiku huo. Walipata chakula chenye yai, kitu adimu katika Uingereza ya mgawo. Wanawake wa jeshi la anga, ambao ndio waliokunja parachuti zao, waliwapeleka kwa magari hadi kwenye ndege zao. Giza lilipoingia waliondoka mojamoja. Alfajiri, mafundi walisimama kwenye sehemu za kuegesha ndege wakihesabu zinazorudi. Waliorudi walipewa chai na kuhojiwa walichokiona. Wasiorudi, vitu vyao vilikusanywa mapema, vikatengwa vya kupelekwa nyumbani, na kitanda kikapata mtu mpya, pengine kabla ya jioni.

Kuhusu hofu: mtu aliweza kukataa, lakini gharama yake ilikuwa kubwa. Faili lake lilipigwa muhuri wa kukosa ujasiri, alivuliwa cheo na alama ya bawa kifuani, akaondolewa kituoni haraka ili asiwaambukize wengine. Wengine walitendewa hivyo baada ya safari ishirini na zaidi. Naona huo ulikuwa ukatili. Leo daktari yeyote angeutambua ugonjwa wa kijana ambaye mikono yake haikuacha kutetemeka, na asingemwita mwoga.

Swali. Mimi ni dereva wa basi, na ukungu wa alfajiri naujua. Nimesikia kwamba Waingereza waliwasha moto uwanjani ili kuondoa ukungu. Ni kweli? (Dereva, Sakina, Arusha)

Jibu. Ni kweli, na Downham Market ulikuwa mmoja wa viwanja 15 vya Uingereza vilivyowekewa mtambo huo. Mabomba yenye matundu yalilazwa kwa urefu wa njia ya kutulia, pande zote mbili, petroli ikasukumwa ndani yake kwa nguvu na kuwashwa. Joto lilipanda, matone ya ukungu yakageuka mvuke, na juu ya njia pakafunguka uwazi ambao rubani aliyeko juu aliuona kama mstari wa moto. Jambo hilo lilikuwa muhimu kwa sababu ndege iliyosalimika mizinga ya Ujerumani ingeweza kurudi alfajiri ikiwa na petroli ya dakika chache tu, ikakuta mashariki yote ya Uingereza imefunikwa, na watu saba wakafa wakiwa tayari juu ya nyumbani. Mtambo uliteketeza petroli kwa kiasi cha kutisha, maelfu mengi ya lita kwa kila ndege iliyotua, wakati raia walikuwa wakipewa petroli kwa mgawo. Hata hivyo takriban ndege 2,500 zilitua kwa msaada wa mioto hiyo. Marubani walisema kwamba kushuka katikati ya kuta mbili za moto, huku hewa ya joto ikiitikisa ndege, kulihitaji moyo.

Swali. Je, kulikuwa na Waafrika walioruka, au sisi tulichanga fedha tu? (Msomaji wa Pasua, Moshi)

Jibu. Walikuwapo, ingawa si wengi. Kabla ya vita, kanuni za Jeshi la Anga la Uingereza zilimtaka afisa awe mtu wa asili ya Ulaya pande zote za wazazi. Kanuni hiyo iliwekwa kando Oktoba 1939 kwa sababu ya mahitaji ya vita, na vijana wa Karibi na wa Afrika Magharibi wakaanza kukubaliwa.

Mmoja wao aliondokea Downham Market hapohapo. John Henry Smythe alizaliwa Freetown, Sierra Leone, mwaka 1915, akajitolea, akafuzu kazi ya mwongoza njia, ambayo ilitaka hesabu za haraka na akili tulivu: kujua kwa saa, dira na nyota mahali ndege ilipo gizani. Alipangwa Kikosi Namba 623, kilichozaliwa hapo Downham Market Agosti 1943 kwa kumegwa kutoka kikosi cha Gold Coast. Usiku wa 18 Novemba 1943, akiwa amekwisha fanya safari zaidi ya ishirini, Stirling yake ilitunguliwa katika shambulio la Mannheim. Smythe alijeruhiwa, akaruka kwa parachuti, akajificha, akakamatwa. Fikirini Wajerumani wa wakati ule, waliofundishwa kwamba mtu mweusi si mtu kamili, wakimkuta mbele yao afisa Mwafrika wa ndege ya mabomu. Alikaa kambi ya mateka ya Barth, kaskazini mwa Ujerumani, hadi Warusi walipoikomboa mwaka 1945. Kikosi chake chenyewe kilikuwa kimevunjwa mapema Desemba 1943, majuma machache baada ya yeye kutekwa.

Mwaka 1948 alikuwa afisa msimamizi katika meli ya Empire Windrush iliyoleta Uingereza mamia ya watu wa Karibi. Baadaye alisomea sheria, akarudi nyumbani na kupanda hadi kuwa Mwanasheria Mkuu wa Sierra Leone. Alifariki Uingereza mwaka 1996. Binti wa Shanty Town akienda tena Bexwell, namsihi alikumbuke jina hilo la tatu.

Kwa upande wetu, Watanganyika wapatao 87,000 walitumikia katika vita hivyo, lakini karibu wote walikuwa askari wa miguu, madereva, wapagazi na watumishi wa jeshi, waliopelekwa Abyssinia, Madagascar na Burma. Walipopanda ndege, walipanda kama abiria.

Swali. Mimi ni mwalimu wa historia. Tunawaita mashujaa watu waliochoma miji yenye wanawake na watoto? (Mwalimu, Himo, Moshi)

Jibu. Mwalimu, swali lako ni la haki, na yeyote anayesimulia viwanja hivi bila kulijibu anasimulia nusu. Mwanzoni Waingereza walidhani wanaweza kulenga kiwanda kimoja usiku. Uchunguzi wa picha uliofanywa Agosti 1941 uliwaonyesha kwamba katika ndege zilizodai kufikia shabaha, ni theluthi moja tu iliyofika ndani ya kilometa nane za shabaha hiyo. Badala ya kuacha, waliamua Februari 1942 kulenga kile walichoweza kukipata, yaani miji yenyewe, kwa nia iliyoandikwa wazi ya kuvunja moyo wa raia, hasa wafanyakazi wa viwandani. Stirling za Downham Market zilikuwamo katika mashambulizi ya Hamburg mwishoni mwa Julai 1943, ambapo moto ulijikusanya ukawa dhoruba na watu wapatao 37,000 wakafa, wengi wao kwa kukosa hewa ndani ya mahandaki waliyokimbilia kujiokoa.

Ni kweli pia kwamba Wajerumani walianza kuchoma miji ya wenzao, Warsaw, Rotterdam, London na Coventry, na kwamba utawala waliokuwa wakipigana nao vijana wa Downham Market ulikuwa ukiua watu kwa mamilioni kwa sababu ya asili yao tu. Lakini mtoto wa Hamburg hakuwa na hatia ya Warsaw. Maoni yangu ni kwamba ujasiri wa Aaron, Bazalgette na Smythe ni wa kweli, na uamuzi wa kuwatuma juu ya mitaa ya watu ulifanywa na wakubwa waliokaa ofisini, na ndio wanaopaswa kuulizwa kwanza. Darasani kwako, ningekushauri usome siku moja habari za Turin na za Hamburg pamoja, tarehe zikiwa zimetofautiana kwa majuma mawili tu, na uwaache wanafunzi wajadiliane.

Swali. Marehemu baba alikuwa akisimulia kwamba ndege za mabomu zilionekana Moshi kabla hata ya vita vya Hitler. Je, ni kweli? Na mtu akitaka kutafuta jina la askari wa anga aliyekufa, aanzie wapi? (Mzee wa Usa River, Arusha)

Jibu. Shikamoo, mzee wangu. Baba yako alisema kweli. Mwanzoni mwa 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Kikosi Namba 26, kilichokuwa na watu wengi kutoka Afrika Kusini, kilishushwa Mombasa na kuweka uwanja wake Mbuyuni, kati ya Voi na Taveta, upande wa Kenya ya leo. Ndege zake zilikuwa dhaifu, za mbao na kitambaa, zenye watu wawili, na mabomu waliyoyabeba yalikuwa madogo mno yakilinganishwa na yale ya Stirling. Zilipeleleza na kushambulia ngome za Wajerumani mpakani wakati Jenerali Smuts, kamanda wa majeshi ya Waingereza, alipokuwa akijiandaa kuingia Kilimanjaro, na Moshi ikatekwa Machi mwaka huo. Joto na vumbi viliziharibu injini zile pengine kuliko risasi. Kikosi kilifuata jeshi kuelekea kusini, kikihama kutoka uwanja mmoja wa kufyeka porini hadi mwingine.

Kuhusu kutafuta jina, inategemea vita. Kwa Kamandi ya Ndege za Mabomu ya vita vya pili, kituo cha kumbukumbu kilichofunguliwa Lincoln mwaka 2018 kina kuta zenye majina karibu 58,000, yakiwamo ya mafundi na wanawake waliofia kazini, na orodha yake inapatikana bure kwa intaneti. Ukiwa na jina la ukoo na namba ya kikosi utampata mtu kwa urahisi. Wale wasio na kaburi linalojulikana, zaidi ya 20,000 wa vikosi vyote vya anga, wameandikwa katika mnara wa Runnymede karibu na London. Kwa waliokufa hapa Afrika Mashariki katika vita vyote viwili, tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola inatunza makaburi ya Moshi, Taveta na Dar es Salaam, na katika kila eneo la makaburi makubwa kuna daftari linaloonyesha safu na namba ya kila kaburi.